Taa Nyekundu Huchelewa

Krenki ilikuwa imelazwa juu ya gunia, kwenye kivuli cha mwarobaini, katika gereji moja ya Korogwe. Kando yake fundi alikuwa amepanga beringi za konrodi, mbili mbili, kama mtu anayepanga dagaa wa kuuza. Za pistoni tatu zilikuwa bado na ile rangi ya fedha iliyofifia. Za pistoni ya nne zilikuwa zimeliwa mpaka shaba ikachungulia.

"Taa iliwaka wapi?" fundi alimuuliza mwenye gari, kijana aliyekuwa ametoka Handeni.

"Iliwaka Sindeni, mzee wangu. Nikasema si mbali, nitafika tu."

"Mwanangu, taa ile haikuonyi. Inakuletea taarifa ya msiba."

Nimelikumbuka neno hilo mara nyingi tangu siku ile, hasa ninapoona vijana wakitumia fedha nyingi kubadilisha kompyuta ya injini, wanaongeza nguvu ya turbo, wanabadilisha injekta, halafu ulinzi wa oili wanauacha mikononi mwa kitaa kimoja chekundu kilichokuja na gari kiwandani. Makala hii ni ya kwao, na ya mafundi wanaowahudumia. Nitaeleza jinsi ya kuongeza sensa mbili, ya joto la oili na ya presha ya oili, kwenye kompyuta ya kufungwa, iwe ni Link ya New Zealand, Haltech ya Australia au nyingine ya jamii hiyo. Vitabuni huitwa vihisi. Gereji tunasema sensa, nami nitabaki na neno la gereji.

Kama gari lako ni Land Cruiser yenye injini ya 1HZ au dizeli nyingine ya zamani isiyo na kompyuta, usijisumbue na waya zote hizi. Nunua geji mbili nzuri, zifunge kwenye dashibodi, kisha jizoeze kuzitazama. Maelezo ya namba yaliyoko huko mbele yatakufaa hata hivyo.

Kwa nini taa huchelewa

Taa ya oili huwashwa na swichi ndogo iliyofungwa kwenye bloku ya injini. Swichi hiyo inajua mambo mawili tu, kuna presha au hakuna. Kwenye magari mengi hujifunga presha inaposhuka chini ya psi 7 hivi, na kwenye mengine chini zaidi ya hapo. Injini inayozunguka mara 5,000 kwa dakika inahitaji psi 50 au zaidi ili beringi zielee juu ya utando wa oili. Basi presha ikishuka hadi psi 20 katika mwendo huo, chuma kinaanza kukwaruza chuma, na taa bado imezima. Kwa macho ya swichi, kila kitu ni salama.

Ongeza tatizo la kona. Anayepanda kutoka Mombo kwenda Lushoto anajua zile kona, kushoto, kulia, kushoto tena, mlima hauishi. Gari likikata kona ndefu kwa kasi, oili ndani ya sampu hukimbilia upande mmoja, na mdomo wa pampu hubaki ukivuta hewa kwa nusu sekunde. Presha huanguka, kisha hurudi. Dereva macho yake yako barabarani, na hata kama angekuwa na geji, asingeiona. Kompyuta inaona, kwa sababu inasoma sensa mara nyingi katika kila sekunde, na kila namba inaiandika pamoja na mizunguko ya injini ya wakati uleule. Hapo ndipo sensa inaizidi geji.

Joto na presha ni ndugu wasioachana

Kuna watu hununua sensa ya presha peke yake ili kubana matumizi. Nawasihi wasubiri wapate zote mbili. Oili ya kawaida ya 15W-40 ikitoka nyuzi 40 za Selsiasi kufika 100, uzito wake hupungua karibu mara saba. Kwa hiyo psi 30 si habari kamili. Psi 30 injini ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, na oili iko nyuzi 60 ni jambo la kawaida. Psi 30 kwenye mizunguko 5,000 na oili nyuzi 125 ni hatari.

Watu wa Handeni na Korogwe wana mfano wa jambo hili mlangoni mwao. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, njia yake inapita katika wilaya zote mbili. Mafuta yale yana nta nyingi na yakipoa huwa mazito, ndiyo maana bomba limesanifiwa lipashwe moto, yasishuke chini ya nyuzi 50. Unene wa mafuta unafuata joto lake, na nguvu ya kuyasukuma inafuata unene. Ndani ya injini yako sheria ni ileile.

Kununua

Sensa ya joto ina waya mbili. Ndani yake kuna kipande ambacho upinzani wake wa umeme hupungua kadiri joto linavyoongezeka. Aina ya Bosch inayotumika sana ina omu 2,500 kwenye nyuzi 20, na omu 187 tu kwenye nyuzi 100. Sensa ya presha ina waya tatu: volti 5 za kuilisha, hasi, na waya wa taarifa. Zilizo nyingi hutoa volti 0.5 presha ikiwa sifuri, na volti 4.5 presha ikifika mwisho wa kipimo chake. Chukua ya psi 0 hadi 150. Ya psi 100 inaweza kuishiwa kipimo asubuhi ya baridi, oili ikiwa bado nzito. Ipo pia sensa moja yenye waya nne inayopima yote mawili, inafaa pale nafasi ilipo finyu.

Usinunue sensa isiyo na karatasi yake ya vipimo. Bila karatasi hiyo, kompyuta inapokea volti lakini haijui maana yake. Muulize muuzaji pia kama sensa ya presha inahesabu na presha ya hewa. Zipo zinazohesabu. Hizo, injini ikiwa imezimwa, husoma psi 14 na kitu badala ya sifuri, na mtu asiyejua hudhani injini yake ina afya kuliko ilivyo.

Kabla ya kulipa, fungua mchoro wa waya wa kompyuta yako uhakikishe ina njia mbili za taarifa zilizo wazi. Njia za joto na njia za volti mara nyingi ni tofauti. Njia ya joto huwa na kizuizi cha ndani kinachounganisha waya wa taarifa na volti 5. Ukiichomeka sensa ya joto kwenye njia ya volti isiyo na kizuizi hicho, utasoma upuuzi.

Kufunga: hapa ndipo wengi huumia

Nianze na kosa langu mwenyewe. Injini nyingi za Kijapani, tundu la swichi ya oili lina nyuzi za kipimo cha Kiingereza cha robo ya nusu inchi, yaani moja ya nane, zenye meno 28 kwa inchi. Sensa nyingi za kununua zina nyuzi za kipimo cha Kimarekani cha ukubwa huohuo, meno 27 kwa inchi. Ukizitazama kwa macho zinafanana kama mapacha. Ukianza kuzungusha kwa mkono inaingia vizuri, raundi moja, raundi mbili, kisha inakaza. Mimi nilidhani imekaza kwa sababu imefika. Nikazungushia tepu ya mafundi bomba, nikamalizia kwa spana, nikaondoka Handeni nikiwa na furaha. Nilipofika nusu ya zile kilomita 65 za kwenda Korogwe nikasikia harufu ya oili inayoungua juu ya chuma cha moto. Kijiti cha kupimia kilikuwa hakigusi hata alama ya chini. Bahati nzuri nyuzi za bloku hazikuharibika, la sivyo ningekuwa nazungumzia bloku mpya. Tangu siku hiyo natumia adapta iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, upande mmoja Kiingereza, upande mwingine Kimarekani. Bei yake haifikii hata lita moja ya oili nzuri.

Kosa la pili ni kuining'iniza sensa nzito kwenye bloku. Mtu hufunga kiungo cha njia tatu, swichi ya zamani upande mmoja, sensa mpya upande mwingine, na kiungo cha shaba kinabeba uzito wote. Kwenye lami itadumu. Kwenye barabara ya changarawe, ile yenye mawimbi kama bati, mtikisiko utaikata siku moja, na oili yote itamwagika kwa presha kabla hujafika kijiji cha pili. Tumia bomba fupi la mpira lililovikwa waya wa chuma, litoke kwenye bloku hadi kwenye ukuta wa chumba cha injini, na sensa ifungwe hapo kwa klipu yenye mpira. Swichi ya kiwandani ibakishe. Mashahidi wawili ni bora kuliko mmoja.

Sensa ya presha isome oili baada ya filta, kwenye mkondo mkuu unaokwenda kwenye beringi. Tundu la swichi ya kiwandani mara nyingi liko hapo. Ya joto ina sehemu mbili zinazozoeleka. Ya kwanza ni nati ya kumwagia oili chini ya sampu. Ni rahisi, lakini ndiyo sehemu ya kwanza kugongwa na jiwe, kwa hiyo kama gari lako limeshushwa chini au halina bamba la kulinda sampu, achana nayo. Ya pili ni sahani inayokaa kati ya filta na bloku, yenye matundu ya kufungia sensa. Hakikisha nyuzi za sahani ni za injini yako. Toyota nyingi hutumia kipimo cha inchi robo tatu chenye meno 16, Subaru nyingi hutumia milimita 20. Kaza sahani kwa uangalifu, washa gari, subiri ipate moto, zima, kisha papasa kwa kitambaa cheupe kuzunguka gasketi yake. Kitambaa hakidanganyi.

Waya

Kanuni ya waya ni moja, na ukiishika utapona maudhi mengi: hasi ya sensa irudi kwenye kompyuta yenyewe, kwenye pini iliyotengwa kwa ajili ya sensa. Usiifunge kwenye bodi ya gari wala kwenye injini. Bodi ya gari ina kelele za umeme wa feni, taa na alteneta, na tofauti ya volti 0.1 tu kwenye sensa ya psi 150 ni kosa la karibu psi 4. Injini iliyopata moto ikiwa sailensa ina psi 12 au 15 tu. Kosa la psi 4 hapo ni sawa na mizani ya sokoni inayoiba robo kilo.

Sensa za joto zenye waya mmoja, zinazotegemea mwili wake kupata hasi, zikwepe. Na kama unayo moja, usiizungushie tepu ya mafundi bomba, kwa sababu tepu ile inakata umeme.

Pitisha waya mbali na ekzosi na turbo, zivishe mkono wa kuzuia moto, acha nafasi kidogo ili injini inapotikisika isizivute. Viungo vichomelewe risasi au vibanwe kwa koleo lake halisi, kisha vivishwe mpira. Kusokota waya mbili na kufunga tepu nyeusi ni kujitafutia safari ya usiku na tochi mdomoni. Soketi ziwe za aina inayozuia maji, maana vumbi jekundu la Handeni hupenya mahali ambapo hata maji hayafiki.

Kuifundisha kompyuta

Kompyuta ni mwanafunzi mwaminifu, inaamini unachoiambia. Kwenye laptopu, ingiza vipimo vya karatasi: volti 0.5 ni psi 0, volti 4.5 ni psi 150. Kwa njia ya joto ingiza jedwali la omu na nyuzi. Kisha usiamini, pima.

Kipimo cha kwanza ni cha bure. Acha gari lilale usiku kucha. Asubuhi, kabla ya kuwasha injini, fungua swichi ya ufunguo. Joto la maji, la oili na la hewa yanapaswa kukaribiana, tofauti isizidi nyuzi mbili tatu. Presha isome sifuri.

Cha pili ni sufuria. Kabla hujaifunga sensa ya joto, itumbukize ncha yake kwenye maji yanayochemka, na isome. Lakini kumbuka uko wapi. Maji huchemka kwenye nyuzi 100 usawa wa bahari. Korogwe huchemka karibu nyuzi 99, Handeni kama 98, na Lushoto, iliyo kwenye mita kama 1,400, huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Fundi wa Lushoto akiona 95 asiitupe sensa, ni nzima.

Cha tatu ni geji ya mkono. Fundi yeyote wa injini anayo. Ifunge sambamba na sensa, washa injini, linganisha namba sailensa na kwenye mizunguko 3,000. Zikitofautiana zaidi ya psi 3, rudi kwenye waya wa hasi kabla ya kuilaumu sensa.

Namba za kuishi nazo

Kanuni ya zamani ya mafundi inasema psi 10 kwa kila mizunguko 1,000, oili ikiwa imepata moto. Ni pa kuanzia, si msahafu. Namba iliyo bora kuliko zote ni ya injini yako mwenyewe ikiwa na afya. Nunua daftari. Andika tarehe, kilomita, aina ya oili, na presha katika hali tatu: sailensa oili ikiwa nyuzi 100, mizunguko 3,000 kwenye tambarare, na mizunguko 5,000 kwenye mlima. Mwezi ujao andika tena. Sailensa ikitoka psi 18 kwenda 15, kisha 12, injini inakuambia habari ambayo taa ingekaa nayo kimya mpaka siku ya mwisho.

Kwa joto, nyuzi 90 hadi 110 ni nyumbani. Kwenye 120 punguza mwendo. Ikifika 130 simama penye kivuli na uache injini iende sailensa ipoe. Upande wa chini nao una lake: maji ya rejeta hupata moto haraka, oili hujikokota nyuma. Geji ya maji ikisema tayari, oili inaweza kuwa bado nyuzi 50. Usikanyage mafuta hadi mwisho kabla oili haijafika 70.

Na hili nalisisitiza: usiongeze uzito wa oili ili namba ipendeze. Kutoka 10W-30 kwenda 20W-50 kutapandisha psi, kweli, lakini beringi iliyolika imebaki imelika, na oili nzito hupita kidogo zaidi kwenye njia nyembamba. Huko ni kumpaka mgonjwa poda na kusema amepona.

Kuipa kompyuta meno

Sensa zikishasema kweli, iambie kompyuta ifanye nini. Tengeneza jedwali la presha ya chini kabisa kwa kila mizunguko, kwa kuchukua karibu asilimia 70 ya namba za daftari lako. Kwa mfano, mizunguko 1,000 psi 8, 3,000 psi 25, 5,000 psi 40. Weka subira ya sekunde 0.3 hadi 0.5 ili tetemeko dogo lisikusumbue, na ulinzi usianze mpaka sekunde mbili tatu baada ya kuwasha, maana injini inayoamka haina presha.

Wengi huiagiza kompyuta izime injini papo hapo. Kwenye uwanja wa mashindano sawa. Kwenye kona za Mombo, ukuta huku na bonde kule, injini ikizimika usukani unakuwa mzito na breki baada ya kukanyaga mara mbili tatu zinakuwa ngumu. Nashauri hatua mbili. Kwanza taa kubwa iwake mbele ya macho, na kompyuta izuie mizunguko isizidi 3,000 na ipunguze nguvu ya turbo, ili upate mwendo wa kuegesha gari pembeni. Kuzima uamue mwenyewe, ukiwa umeshasimama.

Mwisho, itofautishe injini mgonjwa na sensa mgonjwa. Taarifa ikishuka chini ya volti 0.2 au kuzidi 4.8, hiyo si presha, huo ni waya uliokatika au kugusana. Iandikie kompyuta iseme hivyo, vinginevyo waya wa shilingi chache utakuacha umekwama porini na injini nzima kabisa.

Wiki iliyopita nilipanda Lushoto. Soni nilisimama kununua matunda, injini ikiunguruma taratibu kando yangu, oili nyuzi 114, sailensa psi 16. Niliporudi nyumbani nilipakua kumbukumbu ya safari kwenye laptopu. Kona moja, ya kulia, presha ilikuwa imeanguka hadi psi 22 kwa sehemu ndogo ya sekunde, na mizunguko ilikuwa 4,200. Mimi sikuhisi kitu. Taa ya kiwandani haikupepesa. Nilikwenda kwenye kijiti cha kupimia, nikakuta oili imepungua nusu lita, nikajaza, kisha nikaandika kwenye daftari.